Wakitaka kukung'oa jino ili uwekewe vyuma, uliza kwanza ni lipi

Nilikuwa darasa la saba chonge yangu ya kulia ilipochomoza juu kabisa ya ufizi, kama mgeni aliyekosea mlango. Ya kushoto ikafuata. Picha zangu zote za sekondari nimefunga mdomo. Nilipopata kazi Dar es Salaam nikaingia kliniki moja ya mtaani, na aliyenipokea hakunitazama hata dakika nzima. "Hizi mbili zilizopanda tuzing'oe, dada, yaishe leo leo." Bei ilikuwa ya kuvutia. Kilichoniokoa ni kwamba hela yangu haikutimia.

Leo kila anayeniona na vyuma vya kupanga meno kwenye picha za zamani ananiuliza: kweli wanang'oa meno mazima? Ni kweli. Mimi wameng'oa manne, na hakuna hata moja lililokuwa bovu. Lakini chonge zangu zote mbili ninazo, na ushauri wangu uko hapo: jino linaloonekana kukaa vibaya mara nyingi silo la kung'oa.

Daktari bingwa wa kupanga meno niliyemwona baadaye alinifafanulia. Kwenye taya la juu, gego dogo la kwanza, lile linalopakana na chonge kwa ndani ya mdomo, huota mtoto akiwa na miaka 10 au 11. Chonge huota baada yake, kwenye miaka 11 au 12. Inafika kama abiria wa mwisho wa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni: ndani kumejaa, inaning'inia mlangoni. Kosa si lake. Tena ndilo jino lenye mzizi mrefu kuliko yote, limesimama kwenye kona ya mdomo, ndilo linalolipa tabasamu umbo. Gego dogo la nyuma yake likiondoka hakuna atakayelikosa, na chonge inavutwa taratibu mpaka ishike nafasi ile. (Chonge huku kwetu zina mikosi tangu uchanga. Bado kuna watoto wanaochokonolewa fizi kutoa vichipukizi vyake, eti ni "meno ya plastiki" yanayoleta homa na kuhara. Mwanao akiharisha mpeleke hospitali.)

Kwa hiyo asikuguse mtu kabla ya vipimo. Mimi nilipigwa eksirei mbili, moja ya mataya yote na nyingine ya kichwa kwa ubavu. Nikang'ata trei yenye kitu kama uji mzito, kikaganda mdomoni, na kutokana nacho wakatengeneza sanamu ya meno yangu kwa plasta. Kuyaona meno yako mwenyewe mezani, yamepandana kama watu kwenye foleni ya maji, si jambo la kawaida. Daktari akapima. Juu nimepungukiwa nafasi ya milimita 9, chini 7. Gego dogo moja lina upana wa karibu milimita 7, kwa hiyo mawili ya juu yakitoka ni 14.

Nikamwuliza, zile 5 zinazobaki zinakwenda wapi?

Sikujua kama nimeuliza la maana. Akasema meno ya mbele yatarudi nyuma, na mdomo wa juu unaweza kurudi nayo kidogo. Kisha akaniuliza: "Wewe midomo yako unaipenda ilivyo?" Naipenda, ni ya bibi yangu mzaa mama. Akaandika, akasema atapanga vyuma ili meno ya nyuma yasogee mbele kula sehemu ya nafasi hiyo. Wapo wanaotaka midomo irudi, na hao wana haki yao. Ila kitu kama hicho kiamuliwe mezani, usije ukakigundua kwenye kioo baada ya miaka miwili. Upungufu ukiwa mdogo, milimita 3 au 4, pengine inatosha kusugua kidogo ubavuni mwa meno. Na kwa mtoto anayekua taya huweza kutanuliwa. Mwulize daktari kwa nini kwako njia hizo hazifai.

Mama hakuelewa. "Mwanangu, wenzio wanalilia meno, wewe unalipa uyatoe?" Nikamwambia hata madaktari waligombana kwa hili. Edward Angle wa Marekani, mtu mkubwa wa fani hii, alishikilia kwamba meno yote yana nafasi yake; Calvin Case, mwenzake wa fani, akampinga, na mwaka 1911 mabishano yakapamba moto. Baadaye Charles Tweed, mwanafunzi wa Angle mwenyewe, aliona meno ya wagonjwa wake hayatulii, akawarudia upya kwa kung'oa. Mama akasema hao Wamarekani hawamhusu.

Nilianza kung'olewa upande wa kulia, wa kushoto wiki mbili baadaye, ili nibaki na pa kutafunia. Ganzi inaua maumivu lakini haiui msukumo. Utasikia jino likitikiswa, na ule mlio unapita ndani ya fuvu kama mtu anavunja muwa karibu na sikio. Dakika chache, likatoka, mzizi mrefu kuliko nilivyodhani. Mama alipoyaona kwenye bahasha: "Haya hata ukiyatupa juu ya paa hayaoti tena."

Kisha nikafanya ujinga. Nilikuwa nimeambiwa: uma pamba nusu saa au zaidi, usiteme teme, usivute kitu kwa mrija, maji ya chumvi yaanze kesho yake. Siku ya pili, joto la Dar, nikanunua juisi ya muwa na mrija wake. Siku ya nne maumivu yalipanda hadi sikioni. Donge la damu lililofunika shimo lilikuwa limetoka, mfupa uko wazi. Nikarudi, wakasafisha, wakaweka dawa inayonuka karafuu tupu, na ndani ya saa moja nikapumua.

Yaliyofuata ni subira. Jino linasogea kama milimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mapengo utakaa nayo. Sendoff ya dada yangu nilihudhuria nikiwa nayo mawili juu, na mpiga picha hakunihurumia. Kaza waya, subiri wiki nne hadi sita, kaza tena. Mimi ilichukua miezi 26. Kuhusu hela, uliza mapema kama bei ya vyuma inajumuisha kung'oa. Yangu haikujumuisha, na bima ikalipia kung'oa tu.

Vyuma vilipotolewa nilipewa kishikizo cha plastiki cha kuvaa usiku, ili meno yasirudi yalikotoka. Mwaka jana nikaenda Tanga wiki mbili nikakisahau kabatini. Niliporudi kilinibana kama kiatu cha darasa la pili, nikalala nacho nikiwa nimekunja uso, na asubuhi ya tatu ndipo kikaingia bila kusukumwa.