Usukani ukikaa upande, anza kwa kupapasa tairi

Mwaka juzi nilipiga shimo Goba, Dar es Salaam. Halikuwa shimo la kutisha. Lilikuwa limejaa maji ya mvua, nikadhani ni dimbwi tu. Gari likalia "gdu", rimu ikasalimika, tairi halikupasuka, nikamshukuru Mungu nikaendelea na safari. Kesho yake nikagundua kwamba ili gari liende moja kwa moja, lazima nishike usukani umelala kidogo kulia. Siku ya tatu nikawa nimezoea, na hapo ndipo nilipoponzeka: alaimenti, yaani jinsi matairi yanavyosimama na kutazama, ilikuwa imeharibika.

Miezi 2 baadaye nilipita kwa fundi pancha kujaza upepo, nikiwa njiani kwenda Morogoro. Kijana akachungulia chini, akaniambia, "Dada, hebu kata usukani wote halafu shuka uone." Ukilitazama kwa nje, tairi la kushoto lilikuwa na kashata za kutosha, vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara. Ukingo wa ndani ulikuwa kipara kabisa, na sehemu moja nyaya zilikuwa zimeshatokeza. La kulia nalo lilikuwa limeanza. Na mimi nilikuwa naenda kukimbiza hilo gari kilomita 190.

Akanifundisha kitu ambacho sasa nakifanya kila mwezi. Pitisha kiganja juu ya kashata, kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukienda mkono unateleza, ukirudi unakwaruzwa, kama vile unapapasa samaki kinyume cha magamba. Ukisikia hivyo, ujue mafundi watakuambia "too" imeharibika: matairi ya mbele hayatazami mbele sawasawa, yanatazamana au yanapeana kisogo. Tairi la namna hiyo linaviringika huku likiburuzwa. Nilipiga hesabu: likikosea digrii 1 tu, kila kilomita linaburuzwa kwa ubavu kama mita 17. Kwa nini lisiishe?

Tairi likilika upande mmoja lakini ni laini, halikwaruzi popote, shaka iende kwenye kemba, yaani tairi limeinama badala ya kusimama wima. Likilika katikati, upepo ulizidi. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Hayo mawili ya mwisho hayahitaji alaimenti, yanahitaji geji ya kupimia upepo.

Na si kila gari linalovuta upande lina shida ya alaimenti. Barabara zetu nyingi zimeinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari kuteremkia kushoto kidogo ni kawaida. Jaribu mahali tambarare kabla hujatoa hela. Likivuta pale tu unapokanyaga breki, angalia breki. Usukani ukitetemeka ukifika spidi ya 80 au 100, mara nyingi hiyo ni balansi, yaani uzito wa tairi na rimu haujasawazika, ambayo ni kazi nyingine na bei nyingine. Watu wengi wanalipia moja wakitaka nyingine.

Mimi nililipa mara mbili. Gereji ya kwanza walipandisha gari kwenye mashine ya alaimenti, wakakaza hapa na pale, usukani ukanyooka. Wiki haikuisha, ukarudi upande. Fundi wa pili hakuigusa hata mashine. Alipiga jeki, akashika tairi kushoto na kulia kwa mikono miwili, akalitikisa. Likagonga, kodo, kodo. Tairodi endi, kile kiungo kinachofikisha mzunguko wa usukani kwenye tairi, ilikuwa imekufa tangu lile shimo. Akashika juu na chini, akatikisa tena kupima boljointi (kiungo ambacho tairi hugeukia) na beringi, hizo zilikuwa salama. Akamulika bushi, zile raba za kwenye viungo, kwa tochi ya simu. Ndipo akasema, "Badilisha hii kwanza, alaimenti baadaye." Ukipima gari lenye kitu kinachocheza, unapima bure.

Siku hizi nikienda kwenye mashine nadai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, na naendesha mita mia kadhaa kabla sijalipa. Usukani ukiwa bado umelala, narudi hapo hapo. Halafu ujue gari lako. Vigari vidogo vingi kama IST na Vitz, kinachorekebishwa kirahisi ni too ya mbele tu. Nyuma kuna ekseli isiyo na nati ya kurekebishia. Fundi akikutoza "kurekebisha kemba ya nyuma" ya Vitz, mwombe akuonyeshe alikokaza.

Fundi wa mtaani anayetumia kamba na futi simdharau. Kwa too, mwenye mkono mtulivu anapatia. Ila apime sehemu tambarare, upepo ukiwa sawa matairi yote.

Safari ya Morogoro niliiahirisha. Tairi la kushoto nilimwachia yule kijana. Amelitundika kwenye mwembe, ameandika PANCHA kwa rangi nyeupe, na ule upande wa nyaya ameugeuzia mtini, wateja wasiuone.