Injini ya Hilux ndani ya Land Rover Series III

Ndugu wa Pongwe, nimekuelewa: una Land Rover Series III ya petroli, lita 2.25, iliyochoka, umepata Hilux iliyopinduka yenye injini ya dizeli aina ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), na unauliza kama uhamishe injini pamoja na giaboksi yake.

Injini umechagua vyema, kwa kuwa pampu yake ya dizeli huendeshwa na mkanda wa taimingi, wala haidai kompyuta. Giaboksi ningeiacha. Difu za Land Rover, ya mbele na ya nyuma, zimekaa upande wa kulia, hivyo giaboksi ngeni inaweza kuzilaza propela (vyuma vinavyozunguka kupeleka nguvu kwenye difu) mshazari na kukuletea mtetemo usiokwisha. Afadhali uchongeshe bamba la kuunganisha injini hiyo na giaboksi ya zamani. Bamba hilo ndilo roho ya kazi. Langu, nililochongesha hapa Chumbageni, Tanga, lilikosea katikati kwa chini ya milimita moja, na kelele zikaanza kabla sijafika Muheza. Nilipofungua, bearingi ilikuwa imesagika kama ufuta. Hakikisha bamba lako linapimwa kwa saa ya kupimia (geji ya mshale) kabla ya kufungwa.

Lakini kwanza gongagonga chesesi kwa nyundo, maana bodi ya alumini huficha chuma kilicholiwa na chumvi yetu. Breki zikaguliwe, na ekseli za nyuma usizilazimishe, kwani hukatika. Kuchomelea mauntini, yaani vikalio vya injini, mwachie fundi mzoefu. Namba mpya ya injini ipeleke TRA, kadi irekebishwe kabla hujaingia barabarani.