Ukitaka elimu ya nchi ipande, anzia darasa la kwanza

Serikali ikitaka kuonekana imeshughulikia elimu, njia ya mkato ni kubadilisha mtaala. Katika miaka yangu ya ualimu nimeona mabadiliko ya aina hiyo zaidi ya mara moja. Vitabu vipya vinaletwa, semina zinafanyika, posho zinalipwa, halafu mwalimu anarudi darasani na kufundisha vilevile alivyofundisha mwaka jana. Ushauri wangu kwa yeyote mwenye sauti, awe waziri au mjumbe wa kamati ya shule, ni huu: mtaala usubiri. Nendeni kwanza mkaone nani anafundisha darasa la kwanza mpaka la tatu.

Mara nyingi utakuta ni mwalimu wa ajira mpya, au anayehesabu miezi ya kustaafu, au yule ambaye mwalimu mkuu hajui ampangie wapi. Walimu hodari wako darasa la mtihani, maana huko ndiko shule inakopimwa. Simlaumu mwalimu mkuu, naye anaangalia kiti chake. Nilipopangiwa darasa la kwanza wenzangu walinipa pole. Nilipopandishwa darasa la mtihani nikapewa hongera. Huko juu nikakuta watoto wenye mwandiko mzuri na madaftari yaliyojaa alama za vema, lakini ukimwomba mmoja asome sentensi aliyoiandika mwenyewe, anakutazama tu. Miaka yote hiyo alikuwa anachora maneno. Masomo ya ziada ya jioni hayamfai kitu, kwa kuwa nayo yanatolewa kwa maandishi.

Hili si la shule moja wala nchi moja. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba asilimia 53 ya watoto wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi kusoma habari fupi wakaielewa. Wengi wao wanakwenda shule kila siku.

Mfano ninaoupenda ni Sobral, manispaa isiyo tajiri kaskazini mashariki mwa Brazili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipima watoto wao wakakuta karibu nusu ya waliokwisha kupita madarasa ya mwanzo hawajui kusoma. Wakaacha kugawa vyeo vya ukuu wa shule kwa misingi ya siasa, wakachagua wakuu kwa sifa. Walimu wakapewa mafunzo ya mara kwa mara kuhusu kipindi watakachofundisha, siyo nadharia za jumla, na kila mtoto akawa anapimwa kusoma. Katika kipimo cha kitaifa cha 2015, shule zao za msingi zilishika nafasi ya kwanza nchini. Angalia muda uliopita hapo katikati: ni zaidi ya muhula mmoja wa mwanasiasa yeyote, na nadhani ndiyo sababu wanaoiga ni wachache.

Wengine hukimbilia Finland, wakisifu kwamba haina wakaguzi wa shule na mitihani yake ya kitaifa ni michache. Ni kweli, lakini wanaanza hadithi mwishoni. Tangu mwaka 1979 mwalimu wa shule ya msingi huko, hata wa darasa la kwanza, anatakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Ukaguzi uliondolewa baadaye, miaka ya 1990. Ukiondoa ukaguzi kabla hujawajenga walimu, utavuna utoro wa walimu tu.

Kupima hakuhitaji mitambo. Shirika la Pratham la India limefanya hivyo kitaifa tangu 2005 kwa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi. Mtoto anasoma, unaona amekwamia wapi, kazi imekwisha kwa dakika chache. Kisha wapange watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa, hata kwa saa moja tu kwa siku. Ila matokeo hayo yasigeuzwe fimbo ya kumchapia mwalimu. Niliwahi kuona shule iliyotishwa hivyo, na muhula uliofuata watoto walisoma hadithi ile bila kigugumizi, mmoja wao karatasi ikiwa juu chini.

Fedha? Bila shaka zinahitajika. UNESCO hupendekeza asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali yaende kwenye elimu. Mimi huuliza zaidi ni kiasi gani kinafika kwenye vitabu vya kusomea vya madarasa ya chini.

Na wewe mzazi, usisubiri wizara. Mpe mwanao habari ambayo hajawahi kuiona, asome, akueleze inasema nini. Akikwama, nenda kwa mwalimu wake wiki hiyohiyo. Kwenye kikao cha wazazi kijacho, kabla hamjaanza kujadili wastani wa mtihani, ulizeni nani amepangiwa darasa la kwanza mwakani, na kwa nini yeye.