Kabla ya blichi, nieleze nywele zimepitia nini

Swali: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22, naishi Makorora hapa Tanga. Mwezi ujao dada yangu anaolewa, na sisi wadogo zake tumekubaliana kupaka nywele rangi ya asali. Zangu ni nyeusi tii. Nilitia dawa ya kunyoosha nywele mwisho wa mwezi uliopita, na kila Idi natia hina kichwani. Saluni wamenitajia bei nisiyoiweza, kwa hiyo nataka kufanya mwenyewe nyumbani. Shoga yangu kaniambia ninunue blichi ya unga na developa, ile ya kuchanganyia blichi, namba 40 ili nimalize siku hiyohiyo, kisha nikae juani ipande haraka. Nifanyeje zisiharibike? *Mdogo wa bibi harusi*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa arusi ya dada yako. Umefanya vyema kunitajia dawa na hina, maana jibu langu lote linasimama hapo. Anayeingia saluni kwangu Ngamiani akitaka blichi simuulizi kwanza anataka rangi gani. Namuuliza kichwa hicho kimetiwa nini. Nywele hurefuka kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mwenye nywele za kufika mabegani anatembea na kila alichokitia mwaka jana na mwaka juzi. Yeye kasahau, lakini ncha za nywele zinacho.

Weusi wa nywele zetu unatokana na melanini, nayo imo ndani ya unyuzi. Ndiyo maana ukipaka rangi ya kahawia juu ya nywele nyeusi tii unaiona juani tu, ukiingia ndani imepotea. Blichi inafungua magamba ya unyuzi, inapenya, inaivunjavunja melanini. Haiivunji yote kwa mpigo mmoja. Nyeusi inakuwa kahawia, kahawia inakuwa nyekundu, nyekundu inakuwa rangi ya chungwa, ndipo njano inaanza kuonekana. Asali unayoitaka iko pale chungwa linapoanza kugeuka njano, na kwa nywele kama zako kufika hapo kwa siku moja ni kuzilazimisha.

Sasa tuje kwenye dawa. Dawa hunyoosha nywele kwa kukata viungo vya salfa vinavyoshikilia protini ya unyuzi. Blichi nayo, inapoisaka melanini, inaviharibu viungo hivyohivyo. Unyuzi uliokwisha kudhoofishwa na dawa ukipigwa tena na blichi hauna cha kujishikilia, na mara nyingi nywele hazingoji wiki ipite. Zinakatika palepale kwenye karai unaposuuza. Kwa hiyo hizo ulizonazo sasa hivi, mwanangu, usizitie blichi. Usizitie kwa developa namba 40 wala kwa namba 20.

Hina ina habari mbili. Hina ya majani matupu, hii tunayoichanganya na ndimu, haiunguzi. Itakachofanya ni kung'ang'ania: blichi itatoa weusi, wekundu wa hina utabaki, na utajikuta na nyekundu usiyoiomba. Ninayoiogopa ni ile ya pakiti inayoahidi nywele nyeusi kwa muda mfupi. Baadhi zimetiwa chumvi za madini, na madini hayo yakikutana na developa hutoa joto kali. Niliwahi kujaribu kishungi kidogo cha nywele za mteja ndani ya bakuli la plastiki, nimelishika mkononi. Haikupita muda bakuli likaanza kupata moto, mchanganyiko ukatokota, mvuke ukapanda mpaka nikalitupa kwenye sinki na kulifungulia maji. Yule binti alikuwa ameniambia ni hina tu, na alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyojua. Fikiria hilo lingekuwa kichwani kwake.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maua mwilini, hukuitaja, lakini arusi ya Tanga bila piko siijui. Piko nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo PPD, na ndiyo hiyo iliyomo kwenye rangi nyingi za nywele, hasa nyeusi na kahawia. Kama uliwahi kuchorwa piko mkononi ukawashwa, ukavimba au ukatoka malengelenge kwa kufuata maua yenyewe, mwili wako umeshaikataa PPD na hautasahau. Ukipaka rangi yenye PPD kichwani, uso na macho vinaweza kuvimba hata ushindwe kupumua vizuri. Mtu wa namna hiyo asiiguse kabisa. Na ambaye hajawahi kudhurika apake kidogo nyuma ya sikio, asubiri saa 48 kabla ya kupaka kichwa kizima. Ukiwa na pumu pia niambie kabla hujafungua pakiti, kwa sababu vumbi la blichi ya unga huamsha pumu, na wasusi wenzangu wameacha kazi kwa ajili yake.

Kwa arusi yenyewe, sukeni rasta. Chukua namba 27, ambayo ndiyo asali hasa, na kama mnataka iwe nzito kidogo changanya na namba 30. Nyote mtafanana, jambo ambalo blichi haitawapa, kwa kuwa kila kichwa kinatoa rangi yake. Usibane sana kwenye kingo za uso, dawa bado ni mbichi hapo.

Arusi ikipita na bado moyo wako unataka rangi yako mwenyewe, acha dawa, ziache zako za asili ziote, uwe unapunguza ncha. Zikifika urefu wa kuridhisha, hapo tuongee blichi ya nyumbani.

Namba za developa zinaonyesha nguvu ya haidrojeni peroksaidi iliyomo: namba 10 ni asilimia 3, namba 20 ni asilimia 6, namba 30 ni asilimia 9, namba 40 ni asilimia 12. Nyumbani usivuke 20. Namba 40 juu ya ngozi ya kichwa inaunguza, na haikufikishi kwenye asali salama. Inafungua unyuzi kwa fujo tu. Jua liache kabisa. Joto letu la Tanga peke yake linatosha kuiharakisha kazi, na ukiongeza jua au mashine ya mvuke hutajua imefika wapi mpaka imepita.

Kabla ya yote, kata kishungi chembamba kisogoni ambako hakutaonekana. Changanya blichi kidogo kwa kipimo cha pakiti, kwenye bakuli la plastiki au la kioo, kamwe si la bati. Kitumbukize, kitazame kila baada ya dakika tano, uandike kinafika wapi na kwa muda gani. Kisha kisuuze, na kikiwa kimelowa ushike unyuzi mmoja kwa vidole viwili, uuvute taratibu. Unyuzi wenye afya unanyooka kidogo, ukiuachia unarudi. Ukiona unarefuka na kubaki hivyohivyo umelegea, au unakatika kabla hujauvuta, basi kichwa hicho hakitiwi blichi. Kipimo hiki usikiruke hata ukiwa na haraka namna gani. Ndicho kitakachokwambia kama pakiti ya hina ilikudanganya, kama maji ya kisima chenu yana chuma kingi, na kama dawa ya zamani bado imo.

Kikikubali, usioshe nywele siku moja au mbili kabla, mafuta ya ngozi yakulinde. Vaa glavu, fungua madirisha. Gawa kichwa mafungu manne na uanze kupaka sentimita mbili mbali na ngozi, mizizi iwe ya mwisho, kwa sababu joto la kichwa huipandisha haraka kuliko ncha. Fungu lisikauke, blichi iliyokauka haifanyi kazi. Usizidishe muda ulioandikwa kwenye pakiti hata kama bado ni nyekundu. Suuza, weka kondishena, uziache zipumzike wiki kadhaa kabla ya awamu ya pili. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Swali: Nakusalimu dada yangu. Mwanangu wa kiume wa miaka 16 ameona wachezaji wenye nywele za dhahabu, akajipaka jiki na wenzake. Kichwa kina vidonda, nywele zimekuwa ngumu na zinatoka. Nimnyoe? *Mama wa Mikanjuni*

Jibu: Pole sana mama. Usimnyoe leo, wembe juu ya kidonda utaongeza kidonda. Ile dawa ya kung'arishia nguo ni sodiamu haipokloraiti, na haina udugu na blichi ya nywele. Blichi ya nywele inalenga melanini. Hii inayeyusha protini yenyewe, na nywele ni protini tupu. Mmwagilie maji mengi ya baridi, asipake mafuta, dawa ya meno wala ndimu. Ndimu hasa, kwa kuwa asidi ikikutana na jiki inatoa hewa ya sumu. Mpeleke kituo cha afya wavione vidonda, wala msione haya kueleza kilichopakwa. Vikishapona ndipo anyolewe kwa mashine, zitaota nyingine. Naomba pia uzungumze na wazazi wa wale wenzake, maana chupa hiyo bado iko nyumbani kwa mtu.

Swali: Shangazi, nilitia blichi Jumamosi, zimekuwa rangi ya papai. Nirudie kesho? Na ninaogelea baharini Raskazone kila wiki.

Jibu: Usirudie kesho, mama. Ulisimama njiani tu, na hapo pana tiba isiyotaka blichi. Rangi ya chungwa inazimwa na bluu, njano inazimwa na zambarau. Kwa hiyo tafuta tona, yaani rangi ya kurekebishia rangi, yenye bluu, au upake kahawia nyepesi juu yake. Itashika vizuri kwa kuwa weusi umeshatoka. Angalia tu kama rangi hiyo ina PPD, ukapime ngozi kama nilivyomweleza mwenzako hapo juu.

Baharini nenda, ila kabla hujaingia lowesha nywele kwa maji ya bomba, zikinywa hayo zitanyonya chumvi kidogo. Kisha paka mafuta ya nazi. Sikusifii nazi kwa kuwa natoka Tanga: utafiti uliochapishwa 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, hata zilizotiwa blichi. Yapake usiku kabla ya siku ya kuosha, ufunge kitambaa, asubuhi uoshe kwa shampuu laini. Ukitoka kuogelea, suuza palepale, usingoje ufike nyumbani.