Pumu ya ngozi: "Nipe dawa ya kuikomesha"

Barua za mwezi huu zina maneno yanayojirudia kama kiitikio cha ngoma: nataka dawa ya kuikomesha. Wengine wanauita ukurutu, wengi pumu ya ngozi, na mmoja wa Sikonge ameandika tu "huu muwasho". Nimefanya unesi miaka mingi hapa Tabora, na ndani ya viwiko vyangu ninao ugonjwa huohuo tangu utotoni, kwa hiyo kiu hiyo naijua. Ila aliyefungua ukurasa huu kutafuta jina la dawa ya kumaliza kabisa, hatalikuta. Bado haipo. Yaliyopo ni mengine, na si madogo.

Mwanangu wa kwanza ana miezi 9. Mashavu yamekauka yanatoa majimaji, usiku halali kwa kujikuna. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni machafu, nimwachishe. Nampaka mawese kama tulivyopakwa sisi. (Mama, Ujiji)

Usimwachishe, mama. Maziwa yako hayana uchafu wowote, na kumnyima mtoto wa miezi tisa ziwa ni kumwongezea shida ya pili juu ya ile ya kwanza.

Fikiria paa la nyasi lililochakaa. Moshi wa ndani unatoka, vumbi na mvua ya nje vinaingia. Ngozi ya mwanao iko hivyo: maji yake yanapotea, halafu vumbi, jasho, sabuni na vijidudu vinapenya na kuuamsha mwili upigane. Kupigana huko ndiko kunakowasha. Sehemu kubwa ya hali hii ni ya kurithi. Mwaka 2006 wanasayansi walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini humweka mtu karibu na ugonjwa huu, ingawa kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika hitilafu hiyo haionekani sana, maana yake kuna milango mingine. Ulizia kwa upole upande wa mumeo na upande wako: kuna mwenye pumu ya kifua? Mwenye mafua yasiyokwisha na macho ya kuwasha? Mara nyingi utampata, na pengine ni huyohuyo mama mkwe.

Sasa matunzo. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi, si zaidi. Sabuni ya mche ni ya nguo, haifai ngozi yake. Ngozi hupenda uchachu kidogo, na sabuni kali huuondoa. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, tena pale palipochafuka tu. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga iliyozeeka bila kumsugua, kisha kabla hajakauka vizuri mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Rudia mara mbili tatu kwa siku, hata siku ambazo ngozi imetulia. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa: tunapaka ikiwaka, tunaacha ikipoa. Na paka kwa wingi. Mtoto aliyeenea ukurutu anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Kikopo kidogo kikikaa miezi miwili, ujue unampaka harufu tu.

Mawese nami nilipakwa, na shuka za bibi yangu zilikuwa za rangi ya machungwa. Siku hizi nashauri yabaki kwenye chungu. Utafiti uliochapishwa 2013 Uingereza ulipima mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye ngozi za watu wazima: zeituni yalidhoofisha ngozi, alizeti hayakufanya hivyo. Mshukiwa ni asidi ya oleiki, na mawese nayo yanayo kwa wingi. Kama mafuta ya mgando hayapatikani, alizeti safi ni afadhali.

Jambo jingine usiloambiwa kliniki: mabango mengi yanasema ukurutu ni "wekundu". Kwa ngozi zetu mara nyingi unaonekana kahawia iliyokoza, kijivu, au wa zambarau, tena na vipele vidogovidogo kuzunguka vinyweleo. Ndiyo maana watoto wetu huambiwa wana fangasi wakapewa dawa ya fangasi kwa miezi.

Vyakula usimkatie ovyo. Kama kila akila yai anavimba midomo au kutapika muda mfupi baadaye, hilo mpeleke kwa daktari. Lakini kumnyima mayai, samaki na karanga kwa kubahatisha kunaishia kwenye utapiamlo.

Halafu hili ulishike: ukiona malengelenge madogomadogo yanayofanana, yenye kishimo katikati, na mtoto ana homa, usisubiri kesho. Hicho huwa ni kirusi cha malengelenge ya mdomoni kilichoingia kwenye ukurutu, na ni cha hatari. Babu au shangazi mwenye kidonda mdomoni asimbusu.

Nilinunua krimu duka la dawa. Siku tatu tu uso ukawa laini, nikajua nimepona. Nimepaka miezi minane. Sasa nikiacha siku mbili uso unawaka moto, umejaa chunusi, na vinyweleo vimeota mashavuni. (Binti, Tabora mjini)

Binti yangu, hiyo krimu karibu hakika ina steroidi kali ndani yake. Geuza tyubu usome maandishi madogo. Ukiona clobetasol, basi umekuwa ukipaka usoni moja ya steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ukiona betamethasone pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria, ni ile "tatu kwa moja" wanayompa kila mtu bila kumtazama. Dawa hizohizo ndizo zinazochanganywa kwenye mkorogo, kwa sababu zina madhara ya kung'arisha, na watu wakayageuza madhara kuwa biashara.

Steroidi huzima vita ya ngozi haraka sana. Ndiyo maana siku tatu zilitosha kukudanganya. Ikipakwa miezi mfululizo, hasa usoni, hufanya ngozi iwe nyembamba, huamsha chunusi na vinyweleo, huonyesha mishipa, na ukiiacha ngozi inalipuka kuliko mwanzo. Mwenye duka mmoja, miaka mingi iliyopita, aliwahi kunikatia mimi mwenyewe krimu kutoka kopo kubwa na kunifungia kwenye kipande cha nailoni. Haikuwa na jina wala tarehe. Nilipaka, nikafurahi, nikalia. Nesi mzima.

Usikimbilie kuitupa leo usiku, hata hivyo. Kama umepaka miezi minane, na zaidi ikiwa ulipaka na mwilini, nenda hospitali upunguziwe taratibu. Mwili unaojaa steroidi za nje hupunguza kutengeneza za kwake. Hapa Tabora, Kitete ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Beba na tyubu.

Tena usianze kuichukia steroidi. Huo ni ugonjwa wa upande wa pili, nao nimeuona: mama anaacha mtoto achubuke mpaka damu kwa sababu amesikia "krimu hizo ni mbaya". Ikitumiwa sawasawa bado ndiyo dawa ya kwanza ukurutu ukiwaka. Usoni na kwenye mikunjo hutumika iliyo laini, kama hydrocortisone ya asilimia 1. Mwilini kwa mtu mzima daktari anaweza kuandika iliyo kali zaidi, kama betamethasone, mara moja kwa siku kwa wiki moja au mbili, kisha unapumzika na kubaki na mafuta. Kipimo ni kidole: kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka pingili ya kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake.

Madoa meusi yaliyobaki hayatoki kwa kuchubua. Yatafifia yenyewe kwa miezi, mradi usijikune upya.

Niko kidato cha pili, bweni. Wenzangu hawataki tushirikiane ndoo wala kitanda cha juu na chini. Wanasema nitawaambukiza. (Mwanafunzi, Tabora)

Hauambukizi. Si kwa ndoo, si kwa shuka, si kwa kushikana mikono. Mwonyeshe matroni hii sentensi.

Lakini hakikisha kwanza ni ukurutu kweli. Kama muwasho ulianza hapo bweni, unazidi usiku, uko katikati ya vidole na viunoni, na wa kitanda cha pili naye anajikuna, huo ni upele wa vijidudu vinavyochimba ngozi (scabies), na huo unaambukiza. Wote mnatibiwa siku moja na nguo zote zinafuliwa na kuanikwa juani. Ukurutu wako, kama umekuwa nao tangu mdogo na uko ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, hauna habari na jirani.

Nachuma tumbaku na kupanga kwenye mabani ya kukaushia. Mikono imepasuka, inatoa damu, nje ya msimu inapona. (Mkulima, Urambo)

Umejijibu mwenyewe, ndugu yangu: nje ya msimu inapona. Huu ni ukurutu wa kugusana na kitu, na kitu chako kinajulikana: majani, utomvu wake, pengine na dawa mnazopulizia. Krimu yoyote nitakayokutajia haitashinda kama kesho unarudi kushika majani mabichi kwa mikono mitupu.

Vaa glovu za mpira, na ndani yake glovu nyepesi za pamba, la sivyo jasho litakuunguza kuliko tumbaku. Mikono mirefu ya shati. Usichume majani yakiwa na umande au mvua. Nikotini hupita kwenye ngozi iliyolowa, na ndiyo maana wachumaji wengine hupata kichefuchefu na kizunguzungu jioni wakidhani ni njaa. Ukitoka shamba nawa kwa maji tele, usitumie sabuni ya unga, kisha jaza mafuta ya mgando kwenye mipasuko na lala na soksi safi mikononi. Utachekwa. Lala nazo tu.

(Mafundi ujenzi, yenu ni saruji. Ina kromiamu inayowakera wengi. Ushauri ni uleule.)

Asali yetu ya miombo inatibu vidonda. Nipake kwenye ukurutu? (Mfuga nyuki, Kaliua)

Asali hiyo kula tu, mzee wangu, usiipake. Asali inayotumika hospitalini kwenye vidonda imesafishwa kwa mionzi. Ya mzinga ina chavua na vijidudu vyake, na ngozi iliyopasuka haihitaji wageni zaidi.

Mjukuu wangu ana miaka 14. Tumekwenda kwa waganga watatu na zahanati mbili, ng'ombe mmoja ameshauzwa, sasa kuna mtu anatuahidi dawa ya siku 40 na anataka wa pili. Wazungu wameshindwa kabisa? (Mzee, Kasulu)

Shikamoo mzee. Hawajashindwa kabisa, ila hawajafika. Mwaka 2017 Marekani waliidhinisha sindano ya dupilumab, inayochomwa kwa kawaida kila baada ya wiki mbili, na inazuia ujumbe ndani ya mwili unaowasha moto wa ngozi. Wagonjwa waliokuwa hawalali wakalala. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 37,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 vikafuata vidonge, upadacitinib na abrocitinib. Na bado, ukiacha kuvitumia, ugonjwa unaweza kurudi. Hata huko kwenye pesa wanaudhibiti tu. Sasa huyo wa siku 40 aulizwe amepata wapi kilichowashinda wao.

Katikati kuna dawa za zamani ambazo bei yake inabebeka, kama methotrexate, zinazohitaji daktari na vipimo vya damu kila mara, na kuna tiba ya mwanga. Watoto wengi pia hupata nafuu kubwa kadiri wanavyokua, ingawa si wote. Mimi ni mfano wa wasiobahatika. Mpeleke hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, mwombe aonwe na mtaalamu wa ngozi. Wakiona ni zito watampa rufaa. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992.

Ng'ombe wa pili mbakize zizini. Siku ya kwenda, mjukuu abebe kila alichowahi kupaka, hata kile cha kwenye chupa ya soda isiyo na jina, akiweke mezani mbele ya daktari. Na asioge wala asipake kitu asubuhi hiyo. Daktari anatakiwa aione ngozi ilivyo.