Una cherehani nne: kila fundi na nguo yake, au mgawane kazi?

Mkuu, umesema una cherehani nne na mafundi wanne, gauni za sendofu zinaingia, na sasa kuna shule imekuulizia sare za Januari. Unataka kujua kama kila fundi aendelee kushona nguo yake mwanzo mpaka mwisho au mgawane hatua. Mimi nashona sare Morogoro mwaka wa tisa huu, na njia zote mbili nimezipita.

Gauni la sendofu mwachie fundi mmoja. Kila bibi harusi ana vipimo vyake na mshono wake, hapo hakuna cha kugawana.

Shati jeupe la shule ya msingi ni lile lile, hubadilika saizi tu. Kila mtu aliposhona lake tulitoa 20 kwa siku. Nikagawa: huyu mabega na mikono, yule kola, mwingine mbavu na pindo, wa nne mfuko na vifungo. Wiki ya kwanza tukashuka hadi 14! Nusura nirudi nilikotoka. Jioni moja nikakaa pembeni kuwatazama. Kwa dada wa kola lundo lilimfika magotini, na wa vifungo mikono iko mapajani, anasubiri. Kola unaishona, unaigeuza, unachokoa ncha zikae kali, unapiga pasi, ndipo uiunge shingoni. Ni kazi ya watu wawili. Nikamwongezea msaidizi, na wiki ya tatu tukafika 30. Kwa hiyo usigawe kwa vichwa, gawa kwa dakika. Shika saa upime kila hatua.

Ila ukishona kwa mafungu, kosa nalo linakwenda kwa mafungu. Mwaka wangu wa pili nilikata tabaka 40 za kitambaa cha tetroni kwa mkupuo, na kwenye karatasi ya kukatia kola nilikuwa nimesahau kuacha nafasi ya mshono. Kola zote 40 hazikufika shingoni. Nililia, mkuu. Tangu siku hiyo nakata shati moja, nalimaliza, namvalisha mtoto, ndipo mkasi unaingia kwenye jora.

Halafu mtaji. Kitambaa unanunua Oktoba, hela inarudi Januari. Kwa shati jeupe na sketi ya bluu siogopi, shule nyingi za serikali zinavaa hivyo na kinachobaki kitapata mtu. Sare ya shule binafsi yenye rangi zake, usikate hata kipande kabla hujashika kianzio cha nusu na orodha ya saizi. Wakikukataa, hakuna mwingine wa kumuuzia.

Ningekuwa wewe, kuanzia Oktoba cherehani tatu zingeingia kwenye sare, na moja ingebaki na gauni, akae fundi wako mwenye mkono mzuri kuliko wote. Na hiyo shule usiitajie bei bado. Waombe shati la mfano, ushone moja kama hilo huku unapima muda, ndipo upige hesabu.