Jibu: Raia wa kawaida wanaweza kuwatoa wafungwa wa kisiasa?
Ndugu yangu, umeuliza kama raia wasio na cheo wanaweza kuibana serikali hadi iwaachie wafungwa wa kisiasa. Wanaweza. Mwishoni mwa Februari 1992 akina mama wa Kenya, wengi wao wazee, waligoma kula pale Uhuru Park, Nairobi, wakidai wana wao waliofungwa waachiwe, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Machi 3 polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao, ishara ya kuwalaani, na laana ya mama si kitu cha kuchezea! Wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakesha humo karibu mwaka mzima, habari zao zikifika ng'ambo. Mapema 1993 karibu wana wao wote waliachiwa. Kwa hiyo anzeni na familia za wafungwa. Barua za kutoka nje kwa serikali zifuate.